Nyuma ya Jalada

Mzee aliyenifundisha kusikiliza jazi alikuwa karani mstaafu wa bandari, mkazi wa Ngamiani mjini Tanga, na nyumbani kwake palikuwa na sharti moja: hakuna kusoma jalada kabla ya kusikiliza. Unabisha hodi, unaamkia, unaletewa kahawa, unakaa. Yeye anakupa mgongo. Anaitoa sahani kwenye ganda lake akiwa ameishika ukingoni kwa viganja viwili, vidole visiguse mistari, maana jasho na ukungu wa pwani ndio maadui wakubwa wa santuri. Anaipitishia kitambaa laini cha pamba kwa mzunguko, akifuata mistari inavyokwenda. Anaiweka kwenye pleya. Anashusha sindano. Kwanza husikii kitu ila mchakacho mdogo, kama mchanga unaochekechwa, kisha muziki unaingia.

"Haya, nani huyo?"

Siku ya kwanza nilijibu, "Louis Armstrong," kwa kuwa ndilo jina pekee la jazi nililokuwa nalo kichwani.

"Huyo kila mtu anamjua, mwanangu. Mimi nakuuliza anayepiga piano."

Sikumjua. Akainua sindano, akairudisha mwanzo. Tukasikiliza tena, na tena. Mara ya nne ndipo nilipoisikia ile piano sawasawa: mkono wa kushoto unakwenda na kurudi kama mtu anayetwanga, wa kulia unapanda juu na kupaza sauti kana kwamba nao ni tarumbeta. Aliponiona nimenyamaza ndipo akanipa jalada, akalipindua. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa Earl Hines. Wimbo ulikuwa "West End Blues", uliorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928.

"Mbele ya jalada ni biashara," aliniambia. "Watu wako nyuma."

Nimekusanya santuri za jazi kwa miaka mingi tangu siku ile, na bado sijapata maneno mengine yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini ninafanya hivyo.

Lakini tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, jazi ni bendi ya dansi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, na huko Kongo OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa mwaka 1956. Bendi hizo zilichukua jina kutoka Marekani, zikalivika rumba na midundo ya nyumbani, nami nazipenda mno. Ila jazi ninayoizungumzia katika sura hii ni ile iliyozaliwa New Orleans mikononi mwa Wamarekani weusi, muziki ambao roho yake ni kubuni papo hapo. Wimbo unatajwa mara moja ili wote waujue, kisha kila mpigaji anasimama na kusema lake juu ya wimbo ule ule. Kesho akiupiga tena atasema jingine. Kwa hiyo ukimwondoa mpiga piano mmoja na kumweka mwingine, umebadilisha wimbo wenyewe. Hapo ndipo majina yanapopata uzito ambao hayana katika aina nyingine nyingi za muziki. Mtunzi anaweza kuwa mtu aliyekwisha kufa zamani, na wimbo ukawa wa kawaida kabisa, lakini yule aliyeupiga jioni ile, studio ile, ndiye aliyeutunga kwa mara ya pili.

Na historia ya jazi kwenye santuri ilianza na majina yaliyokosekana. Sahani inayotajwa kuwa ya kwanza ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917 na Original Dixieland Jass Band, bendi ya Wazungu. Watu weusi waliouunda muziki huo walikuwa wakipiga New Orleans na Chicago, na wengi wao hawakuwa wameona chombo cha kurekodi. Armstrong mwenyewe alianza kurekodi kwa jina la kundi lake tarehe 12 Novemba 1925, Chicago, kwa kampuni ya OKeh. Lebo ya katikati ya sahani ilitaja Louis Armstrong na Hot Five yake, basi. Hot Five ya siku ile walikuwa Lil Hardin Armstrong kwenye piano, Kid Ory kwenye tromboni, Johnny Dodds kwenye klarineti na Johnny St. Cyr kwenye banjo. Miaka isiyofika mitatu baadaye sahani ya "West End Blues" nayo ilitoka kwa jina hilo hilo la Hot Five, na humo ndani hamkuwa na hata mmoja wao! Alibaki Armstrong peke yake. Piano ni Hines, drams ni Zutty Singleton, klarineti ni Jimmy Strong, tromboni ni Fred Robinson. Mpiga banjo aliitwa Mancy Carr, na kwa miaka mingi vitabu vilimwandika Cara, kosa la herufi moja lililonakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa. Mtu anafanya kazi mojawapo kubwa kabisa katika muziki wa karne nzima, na jina lake halifiki salama kwa wajukuu.

Waliolisahihisha jambo hili walikuwa wakusanyaji, na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo ningependa kila mpenzi wa muziki aijue. Paris, mwaka 1936, kijana aliyeitwa Charles Delaunay, mtoto wa wachoraji mashuhuri Robert na Sonia Delaunay, alitoa kitabu kilichoitwa Hot Discography. Ndani yake hamna hadithi. Ni orodha tu: sahani hii, tarehe hii, mji huu, tarumbeta fulani, saksafoni fulani. Mfaransa ambaye jazi yake aliijua kwa sahani zilizovuka bahari alikaa chini na kuwarudishia watu majina yao mmoja mmoja. New York napo palikuwa na Milt Gabler, mwenye duka la santuri la Commodore. Alizitafuta sahani za zamani ambazo kampuni zilikuwa zimezitupa, akazitoa upya, na kwenye lebo akaandika kila aliyepiga na alichopiga. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa desturi hiyo. Mwaka 1939, kampuni kubwa ilipoogopa kumrekodi Billie Holiday akiimba "Strange Fruit", wimbo juu ya Weusi wanaonyongwa mitini Kusini mwa Marekani, ni huyo huyo Gabler mwuza santuri aliyekubali kuurekodi. Sidhani kama mambo hayo mawili yametengana. Mtu anayejali nani alipiga klarineti atajali pia nani alinyongwa.

Usidhani kwamba baada ya hapo majalada yalisema kweli daima. Tarehe 15 Mei 1953 lilifanyika tamasha katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto: Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus, Max Roach, na kwenye saksafoni mtu aliyeandikwa kwenye jalada kama Charlie Chan. Huyo ni Charlie Parker. Mkataba wake na kampuni nyingine ulimzuia kutumia jina lake, akachukua jina la Chan, mwenzi wake. Eric Dolphy naye, katika sahani ya John Coltrane iitwayo Olé, aliandikwa George Lane kwa sababu kama hiyo. Jalada likidanganya, kinachobaki ni sikio. Mzee alinipigia ile ya Massey Hall bila kunieleza lolote, na sauti ya Parker ilipoingia, kali na ya haraka, kama mtu anayesema ukweli uliomkaa kooni siku nyingi, nilimtaja kabla hajauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupatia. Alinishika mkono, akaagiza kahawa nyingine.

Mchezo wake huo, kumbe, una asili yake. Mwandishi Leonard Feather aliuanzisha katika jarida la Metronome mwaka 1946, baadaye akauhamishia Down Beat: mwanamuziki anapigiwa sahani bila kuambiwa ni ya nani, anatoa maoni yake. Mwaka 1951 mpiga tarumbeta Roy Eldridge, aliyekuwa na hakika kwamba kwa sikio tu anaweza kumtofautisha mpigaji mweusi na mweupe, alikubali kujaribiwa, akashindwa, na akakiri kwamba ameshindwa. Ninamheshimu sana kwa kukiri kule. Kusikiliza bila jina hukufundisha uliyemdharau bure na uliyemsifu kwa mazoea. Lakini mchezo hauishii kwenye kufumba macho. Lazima mwishowe jalada lipinduliwe na jina litajwe, kwa sababu aliyepiga anastahili kujulikana.

Sahani tuliyobishania zaidi ni Kind of Blue ya Miles Davis. Ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, New York, katika studio ya Columbia iliyokuwa zamani kanisa, na nyuma ya jalada yamo maelezo yaliyoandikwa na mpiga piano Bill Evans mwenyewe. Kazi hii inayosifiwa dunia nzima ilitoka ikiwa imejaa makosa. Katika nakala za mwanzo, jina la Cannonball Adderley limepungukiwa herufi. Nyimbo mbili za upande wa pili, "All Blues" na "Flamenco Sketches", zimebadilishana nafasi, hivi kwamba wako watu waliopenda wimbo mmoja miaka nenda miaka rudi wakiuita kwa jina la mwingine. Na kubwa kuliko yote, mashine iliyotumika tarehe 2 Machi ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza, zilipohamishiwa kwenye santuri, zikasikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na sahani walishangaa mbona ala zao haziafikiani nayo. Kosa hilo lilirekebishwa katika toleo la mwaka 1992. Yaani kwa miaka zaidi ya 30 dunia ilikuwa ikisikiliza muziki wenye kasi ambayo Miles hakuipiga.

Ubishi wetu, hata hivyo, ulikuwa juu ya mtu mmoja. Katika nyimbo nne piano ni ya Evans. Katika "Freddie Freeloader" peke yake Evans anapisha na kuingia Wynton Kelly, naye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kubuni. Kwa nini? Mzee alishikilia kwamba Miles alikosea, kwamba sahani yote ina hewa moja ya utulivu na Kelly anaifungulia mlango upepo. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba Miles alijua alichokitaka. Wimbo ule ni bluzi, na bluzi ilihitaji mtu mwenye mkono wa furaha. Evans anafikiri kwenye piano. Kelly anatembea nayo, bega juu, kama mtu anayerudi nyumbani siku ya mshahara. Tulilirudia suala hilo miaka kadhaa, kila mmoja akileta ushahidi mpya: siku nyingine sekunde fulani ya besi ya Paul Chambers, siku nyingine namna Jimmy Cobb anavyogusa tasa la drams yake Kelly anapomaliza. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Kwa ubishi ule niliisikia sahani hiyo mara nyingi kuliko ambavyo ningeisikia peke yangu, na kila mara nikaisikia sehemu ambayo mwenzangu ndiye aliyeniambia ipo.

Wapo wakusanyaji ambao hawawindi wapigaji bali sahani yenyewe kama kitu. Wanaijua kampuni ya Blue Note kama mtu anavyojua vitongoji vya kwao. Blue Note iliasisiwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, Myahudi aliyetoka Berlin, na rafiki yake wa tangu ujana, Francis Wolff, akamfuata akawa mshirika na mpiga picha wake. Walikuwa na desturi ya kuwalipa wanamuziki hata kwa siku za mazoezi, jambo ambalo kampuni nyingi hazikulifanya, na ndiyo maana sahani zao zinasikika zimeiva. Mrekodi wao, Rudy Van Gelder, alikuwa mpima macho mchana, na hadi mwaka 1959 alirekodi katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Ukiishika sahani ya zamani ya Blue Note kwenye mwanga na kuiinamisha, pale kwenye uwazi uliobaki kati ya mistari ya mwisho na lebo, utaona herufi RVG zimechorwa. Ndiyo saini yake. Karibu yake kuna alama ndogo kama sikio la binadamu, alama ya kiwanda kilichokuwa kikigonga sahani hizo hadi mwaka 1966. Mwenye sikio hilo na anwani sahihi ya mtaa kwenye lebo ana toleo la kwanza. Sahani ya Hank Mobley yenye namba 1568 hununuliwa kwa maelfu ya dola kwa ajili ya alama hizo.

Siwabezi. Saini ya Van Gelder ni jina la mtu, na kulitafuta ni kumheshimu. Nilipoiona kwa mara ya kwanza kwa macho yangu, mikwaruzo mitatu ya mkono wa mtu aliyekuwa akifanya kazi sebuleni kwa mama yake, nilisisimka. Lakini sahani inayonunuliwa kwa bei ya gari na kufungiwa kabatini isipigwe, hiyo nadhani imedhulumiwa. Mzee hakuwa na toleo la kwanza hata moja la Blue Note. Alikuwa na sahani zilizosikilizwa hadi mistari ikaingia mvi.

Sasa nifike kwenye rafu yake ya chini, ile aliyoiita ya nyumbani.

Humo mlikuwa na santuri za Wamarekani zenye Kiswahili juu yake. Ya zamani kuliko zote ilikuwa Tanganyika Strut, iliyorekodiwa mwaka 1958 kwa kampuni ya Savoy na mpiga tarumbeta Wilbur Harden, Coltrane akiwa kwenye saksafoni. Ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa ya Harden. Coltrane alipopata umaarufu, rekodi hizo zikatolewa upya kwa jina lake. Jina la Harden likarudi nyuma ya jalada, mahali ambapo asiyepindua hafiki.

Halafu ilikuwepo Uhuru Afrika. Mzee aliipata miaka ya 1970 kutoka kwa baharia Mtanga aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo, kwa kubadilishana na mkeka wa ukindu na pishi ya karafuu. Siku aliyonipigia, kwa mara ya kwanza hakuuliza "nani huyo". Alishusha sindano, akakaa, akainamisha kichwa. Sauti ya mwanamume ikaanza kusema kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki, kwenye santuri ya jazi ya New York, katikati ya ngoma na matarumbeta! Nilidhani amechanganya sahani.

Msemaji ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, ambaye jina lake lilikuja kujulikana katika siasa za Tanzania. Kazi nzima ni ya Randy Weston, mpiga piano mrefu wa Brooklyn, ambaye baba yake, mfuasi wa Marcus Garvey, alimlea akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Shairi ni la Langston Hughes. Weston alitaka lisikike kwa lugha ya Kiafrika, na lugha aliyoichagua ni Kiswahili. Ilirekodiwa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika haikuwa mojawapo. Bendera yetu ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, kwa hiyo sauti ya Sanga ililitamka neno uhuru ndani ya studio ya New York mwaka mmoja na zaidi kabla halijawa letu kisheria. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Nyuma ya jalada utawakuta Babatunde Olatunji wa Nigeria, Cándido na Armando Peraza wa Cuba, Max Roach, Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Ron Carter akiwa bado kijana. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Ilielewa vizuri kilichosemwa.

Na kuna jina ambalo Mzee alinitaka nilisome kwa sauti: Melba Liston. Mwanamke huyu, mpiga tromboni katika fani iliyojaa wanaume, ndiye aliyeipangia bendi ile kubwa nani apige nini na lini. Weston alileta nyimbo, Liston akazijengea nyumba. Sikiliza "African Lady", jinsi ala za kupuliza zinavyoingia chini ya sauti ya mwimbaji Martha Flowers bila kumsonga. Hiyo ni kazi yake. Ukiuliza watu Uhuru Afrika ni ya nani, mia kwa mia watakwambia Weston, na hawajakosea, lakini nusu ya unachokisikia ni mkono wa Liston.

Sahani ya tatu ya rafu ile ni Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyorekodiwa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1970. Miaka hiyo vijana weusi wa Marekani walikuwa wakijifunza Kiswahili kama lugha ya kujirudishia Afrika. Aliyelileta jambo hilo kwa Hancock ni James Mtume, mpiga ngoma kutoka Philadelphia aliyekuwa amejiita jina hilo. Kila mwana-bendi akapewa la kwake. Hancock ni Mwandishi, kwa kuwa ndiye mtunzi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa drams ni Jabali, na ukimsikia akipiga utakubali. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na humo mna ukweli mtupu, maana alikuwa daktari mwenye shahada ya udaktari. Bennie Maupin ni Mwile, neno ambalo kwetu ni mwili. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto, na hapo msomaji wa pwani lazima ashtuke kidogo, kwani kwetu pepo humpanda mtu akahitaji mganga. Wao walikusudia roho changa. Siwalaumu hata chembe. Walijifunza lugha mbali na wasemaji wake, kwa mapenzi matupu, wakaichukua mpaka kwenye majina yao wenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba mojawapo ya bendi kubwa za jazi za miaka ya 1970 ilijiita kwa lugha yetu kuanzia kiongozi hadi mpiga tromboni?

Kuhusu rafu hiyo nina kosa langu la kusimulia. Nilipoanza kuijaza rafu yangu mwenyewe nilimwagizia muuzaji mmoja wa ng'ambo sahani iitwayo Kawaida. Tangazo lake lilisema ni ya Herbie Hancock na Don Cherry, na jalada lililonifikia likasema hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Niliipeleka Tanga nikijivuna. Mzee aliisikiliza hadi mwisho, kisha akapindua.

"Nyimbo kazitunga nani?"

Nikasoma. Nyingi ni za Mtume.

"Na sahani hii ilikuwa ya nani ilipotoka?"

Sikujua. Ilirekodiwa Desemba 1969, na mwenyewe alikuwa mpiga drams Albert Heath, aliyejiita Kuumba. Hancock na Cherry walikuwa wageni waalikwa. Watu wa biashara walikuja baadaye, wakaona majina mawili yanayouzika, wakayapandisha mbele. Nilikuwa nimelipia jina lisilo lake, nami nikalitangaza njia nzima kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo sinunui santuri kabla sijajua ilitoka mara ya kwanza lini na kwa jina la nani.

Iko nyingine ninayoipenda kwa sababu ya sanduku lake. Mwaka 1957 Thelonious Monk na Coltrane walipiga pamoja kwa miezi kadhaa New York, na karibu hakuna kilichorekodiwa. Wapenzi wa jazi waliusimulia ushirikiano ule kama watu wanavyosimulia mji uliozama. Mwaka 2005, katika Maktaba ya Bunge ya Marekani mjini Washington, mfanyakazi aitwaye Larry Appelbaum alikuwa akipitia kanda za zamani za Sauti ya Amerika ili zihifadhiwe kidijitali. Kwenye sanduku mojawapo aliona maandishi machache: T. Monk. Ilikuwa tamasha la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, safi kabisa, na saksafoni ilikuwa ya Coltrane. Kanda ile ilikaa rafuni karibu miaka 50. Iliokolewa na mtu aliyeandika herufi chache juu ya sanduku, na mwingine aliyekuwa na tabia ya kuzisoma.

Mzee alifurahi sana kwa habari hiyo, kwani Sauti ya Amerika ndiyo iliyomwingiza kwenye jazi. Alikuwa akimsikiliza mtangazaji Willis Conover, aliyeanza kipindi chake mwaka 1955, kwenye mawimbi mafupi, usiku, redio imefunikwa kwa khanga ili asiwaamshe watoto. Conover alitaja majina polepole, moja baada ya jingine, na karani kijana wa bandari aliyaandika kwenye daftari.

Alipofariki, wanawe waliniomba niziorodheshe santuri zake. Nilitarajia kazi ya wiki moja, ikanichukua miezi. Chini kabisa, nyuma ya rafu ya nyumbani, nilikuta sahani ndogo za bendi za Tanga yenyewe, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Zile sahani ndogo lebo zake husema jina la bendi, jina la wimbo, labda na mtunzi. Wapigaji hawatajwi. Nikazitoa moja moja kwenye maganda yake ya karatasi, na nyuma ya kila ganda nikakuta mwandiko wa Mzee: gitaa la solo fulani, ridhimu fulani, besi fulani, saksafoni fulani, na pembeni mwaka. Alikuwa amewafuata wanamuziki wenyewe, majumbani na vilabuni, akawauliza.

Majina yale sikuyakuta kwenye kitabu chochote nilichonacho. Basi nawe ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna santuri ya bendi ya zamani, na yupo mzee anayekumbuka nani alishika gitaa, mwendee wiki hii. Mpigie wimbo wote, mwulize, kisha pindua jalada uandike. Tumia penseli. Wino huvuja kwenye unyevu wa pwani.